Nilimeza Dawa ili Nimpikie Mtu wa Bima

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili usisome huku ukitafuta mchawi. Humu hamna mchawi. Sikuibiwa, sikurogwa, sikudanganywa na mtu. Nilipika. Hilo ndilo kosa langu, na lilinifikisha mahali ambapo uji ulikuwa unarudi kwa kupitia puani. Na sikufika huko peke yangu.

Mimi ni bibi wa Ifakara, upande wa Lumemo. Jina langu sitaliandika, wala la mwanangu, maana yeye ni mwalimu na wanafunzi wake wanasoma. Wengine nitawataja kwa majina ya mwanzo. Darasani sikufika mbali, lakini jina la mtu likiniingia sikioni halitoki tena.

Ugonjwa wangu nao una jina, na hilo pia sijalisahau: mayasthenia gravisi. Jirani yangu Leokadia anasema linafanana na jina la mtakatifu ambaye bado hajapewa parokia.

Ulianza kwenye kope la jicho la kushoto. Asubuhi naamka nina macho mawili kama watu. Ikifika saa nane mchana, jicho moja limefunga duka. Kanisani, Teofili katekista akamwambia mke wake kwamba namkonyeza wakati wa mahubiri. Mke wake Benedikta hakunisalimia Kwaresima nzima.

Kisha likaja taya. Naanza kula vizuri, nikifika katikati ya sahani taya linagoma. Inabidi nishike kidevu kwa mkono nilisaidie kutafuna, kama mtu anayesukuma baiskeli yenye gunia. Shingo nayo ikawa inachoka kubeba kichwa, kichwa hiki hiki nilichozaliwa nacho.

Nilitibiwa malaria. Nikatibiwa presha. Nikapewa miwani, nikawa naona mambo mawili mawili ila kwa ukubwa zaidi. Mwisho nikamfikia Daktari Mwanaidi, binti mwembamba anayeongea taratibu. Alijaza barafu kwenye glovu, akaiweka juu ya jicho langu. Nikajisemea, huyu naye ameishiwa. Alipoiondoa, kope lilikuwa juu. Akapiga makofi peke yake mle chumbani.

Vipimo vya damu vikapelekwa mbali, vikarudi, akanieleza. Misuli yangu inachoka haraka kwa sababu mwili wenyewe unazuia ujumbe usiifikie. Nikipumzika inarudi. Kuna vidonge vya kunisaidia, lakini kila kidonge kinafanya kazi kwa saa chache tu.

"Bibi, ukimeza ukajisikia una nguvu, hujapona," aliniambia. "Umeazimwa. Na usizidishe hata kimoja."

Nikaitikia. Mimi kuitikia sina shida.

Bima ya mwanangu inanibeba na mimi kama mzazi wake. Tatizo ni kwamba vidonge vile havimo kwenye dawa za kila siku, mpaka kitoke kibali maalumu. Ofisi ya bima, ambayo nimekatazwa kuitaja, ikajibu kwamba ugonjwa huo kwa upande wetu hawajawahi kuuona. Watatuma mtu aje amwone mgonjwa kwa macho yake. Waliponiambia hivyo sikuona ubaya. Ng'ombe tu hanunuliwi kwa kusimuliwa.

Mtu huyo alianza kwa kupiga simu. Mwanangu akaiweka sauti ya nje, akanisogezea.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Mimi naitwa Elisante, wa bima. Hali yako inaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu, sisi hatujambo kabisa. Hofu ni kwenu mlio mbali."

Mwanangu akajishika kichwa. Simu ilipokatika akaniuliza, "Mama, kwa nini hukumwambia unaumwa?"

"Nimwambie naumwa mtu ambaye hata habari za kwao sijaziuliza? Atasema nimelelewa na nani?"

Alhamisi ya kuja mgeni ikafika. Mwanangu alisimama mlangoni na mkoba wake wa shule.

"Mama, leo usifanye chochote. Kaa kwenye mkeka. Akukute hivyo hivyo ulivyo."

"Sawa."

"Usipike."

"Sawa."

"Mama, niangalie. Usipike."

"Nimesikia, mwalimu."

Akaondoka. Nikakaa kwenye mkeka, nikafikiri. Mtu anatoka Morogoro, anapita Mikumi, anapita Kidatu, anafika kwangu ana njaa. Mimi nimpokee nimelala, jicho moja limefumba, jikoni majivu ya jana? Mama yangu mzazi, Marselina, alimpikia hata mtu aliyekuja kumkamata baba kwa kodi ya kichwa. Baba alikwenda mahabusu, lakini yule mtu alikwenda ameshiba, na kijiji kizima kilimsifu mama.

Ndipo nikaiendea chupa ya dawa. Ndani vilibaki vidonge alivyoninunulia mwanangu, vya kunifikisha mwisho wa juma. Nikameza viwili badala ya kimoja, nikasubiri kama mtu anayesubiri mashine ipate moto. Nguvu zilipokuja, sikutaka kuamini. Nilimfukuza jogoo mwenyewe, nikamkamata nyuma ya choo. Nikatwanga karanga. Nikapepeta mchele. Nilipoona mikono inaanza kulegea nikaongeza vidonge vingine, na vya mwisho nilivimeza nilipolisikia gari la mgeni.

Hapo hapo mate yakaanza kunijaa mdomoni, na tumbo likanguruma kama pawatila ya kulimia iliyonasa kwenye tope la jaruba la mpunga. Daktari Mwanaidi aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nakaribia kuuawa na dawa kabla ya kuuawa na ugonjwa. Usijaribu, wewe unayesoma. Lakini siku hiyo macho yangu yote mawili yalikuwa wazi kama ya kuku anayetaga.

"Hodi hapa."

"Karibuni, karibuni ndani."

Walikuwa wawili. Elisante, kijana wa shati la kuchomekea, na dereva wake Shija, Msukuma mpole mwenye sauti nene.

"Shikamoo bibi. Tumekuja kumwona mgonjwa. Amelala wapi?"

"Ni mimi."

Elisante akanitazama. Nilikuwa na mwiko mkononi.

"Wewe ndiye mgonjwa?"

"Ndiyo. Nawaeni mikono kwanza, wali unapoa."

Walikula. Firigisi nikampa Elisante, kama inavyotakiwa. Shija akasema bibi kama huyu akipelekwa kwao anaweza kuozwa tena kwa mahari ya ng'ombe. Nikacheka, na kucheka kwenyewe kukatoka vizuri.

Elisante akafungua mkoba wake. "Bibi, nyanyua mikono mbele, usishushe mpaka nikwambie."

Nikanyanyua. Akaangalia saa yake. Nikaendelea kunyanyua. Shija akasema, "Bosi, mruhusu ashushe, mboga kule jikoni itaungua."

"Sasa angalia juu, usipepese."

Nikaangalia juu mpaka nikamwona buibui ambaye sikujua anaishi na mimi. Nikajilaumu kwa uchafu mbele ya wageni.

"Na kutafuna je? Daktari ameandika unatafuna kwa shida."

Wapendwa, hapa palikuwa pa kusema ukweli. Mlango ulikuwa wazi, ni mimi tu kuingia. Badala yake nikachukua shingo ya jogoo, nikaitafuna mbele yake na vifupa vyake. Nilijisikia fahari kama bibi harusi.

"Kwa nini nitafune kwa shida chakula nilichopika mwenyewe?" nikamwambia.

Akaandika.

Walipoaga, nilikumbuka kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Nilikuwa nimefunga mchele kwenye mfuko. Shija alitaka kuupokea, nikamkatalia. Nikajitwisha kichwani, nikawasindikiza nao mpaka kwenye gari.

"Bibi, umenifurahisha," Elisante akasema. "Nilikuja na wasiwasi nitakuta mtu hoi. Mungu ni mwema."

"Amina," nikasema.

Gari lilipokata kona, kope la kushoto likashuka. La kulia likafuata. Shingo ikalala kifuani, magoti yakasalimu amri, nikajikuta nimekaa chini penye ua wa matete huku tumbo likinidai mambo ambayo sitayaandika. Leokadia akanikuta pale.

"Umeanguka au umepumzika?"

Ulimi ulikuwa mzito, sikuweza kumjibu. Akaniinamia, akachungulia mlangoni kwangu, akaona sahani za wageni mezani. Akasema, "Aa. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Jibu la ofisi lilikuja baada ya muda. Mwanangu alinisomea akiwa amesimama. Mgonjwa ameonekana akipika. Mgonjwa anatafuna bila shida. Mgonjwa amebeba mzigo kichwani kwa umbali. Kibali hakikutolewa.

"Mama. Ulijitwisha mchele?"

"Mchache tu."

"Mama."

Hakunigombeza. Alikaa akaitazama mikono yake yenye chaki. Angenigombeza ningepona haraka zaidi.

Akawapigia simu. Aliwaeleza kwamba mama yake alipika kwa nguvu ya vidonge, tena alizidisha. Wakamjibu kwamba kama ni hivyo basi vidonge vimefanya kazi yake, havihitajiki tena. Akasema basi njooni mmwone sasa, vidonge vimeisha. Wakasema walishakuja. Akasema mlikuja siku yenye dawa. Wakasema ndiyo, na siku hiyo alikuwa mzima, sasa dawa ya nini? Aliweka simu chini akaanza kucheka, na mimi nikamfuata, mpaka tukaona kwamba hakuna hata mmoja wetu anayecheka kweli.

Alinunua alichoweza. Hakikutosha. Nilikuwa siku moja nameza vidonge, siku nyingine naacha, mpaka ikafika siku nilipewa uji na uji ukakataa kushuka. Ukapanda. Kuvuta pumzi nako kukawa ni kazi ya kuajiriwa. Nilipakiwa kwenye bajaji katikati ya mwanangu na Leokadia, mmoja ameshika kichwa changu, mwingine kidevu, kama wamebeba mtungi usio na mfuniko.

Hospitali waliniwekea mpira puani wa kupitishia chakula. Na hapo, kitanda cha pili, nikaliona kope langu kwenye uso wa mtu mwingine.

Sijui nikueleze vipi. Nilidhani ugonjwa huu ni wangu peke yangu duniani, kama alama ya kuzaliwa. Na pale amelala mwanamke wa makamo, jicho limeshuka vile vile, mkono chini ya kidevu vile vile, na yeye ana mpira puani. Aliitwa Regina, wa Kidatu. Mume wake alifanya kazi kwenye miwa mpaka alipofariki, na bima aliyonayo ni ya mwanawe mkubwa, askari magereza.

Tulipoanza kupata sauti tukawa tunazungumza asubuhi, maana jioni ndimi zetu zote zinafunga kazi.

"Dada, wewe umefikaje hapa?" nikamuuliza.

"Mimi nimenyimwa dawa," akasema. "Wametuma kijana mmoja, Elisante. Amekuja amenikuta niko chini, kichwa kimelala begani. Ananiambia, mama, ugonjwa huu mimi naujua. Kuna bibi mmoja Ifakara anao huo huo, kazeeka kuliko wewe. Anakimbiza jogoo. Anabeba mchele kichwani. Wewe unadeka."

Nikajivutia shuka.

"Nikimpata huyo bibi," Regina akasema, akapumzika kidogo apate nguvu za kumalizia, "nitamtwisha mimi mwenyewe. Na kinu juu yake."

Nikageukia ukutani. Nikasema nimechoka, na kwa ugonjwa wetu huo ni uongo ambao hakuna awezaye kuupima.

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Elisante hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajawahi kuuona ugonjwa huu popote, akatumwa kuuangalia, akauangalia kwangu. Mimi ndiye niliyekuwa darasa lake. Kila mgonjwa atakayekuja baada yangu atapimwa kwa bibi mwenye mwiko.

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Ningeweza kuondoka nalo, nani angejua? Lakini asubuhi moja Regina alionyeshwa picha kwenye simu ya nesi. Ilikuwa harusi ya kitinda mimba wake, Yustina. Ilikuwa imefungwa siku mbili nyuma, na mama wa bibi harusi alikuwa kitanda cha pili, na mpira puani. Aliiangalia picha, akalishika kope kwa kidole ili aone vizuri. Akauliza, "Pale nilipopaswa kukaa, amekaa nani?" Nesi akasema ni shangazi.

"Regina," nikasema. "Yule bibi ni mimi."

Akanigeukia. Sisi wenye ugonjwa huu, misuli ya uso inatusaliti: tukicheka tunaonekana tunataka kung'ata. Sasa Regina akafanya uso ule, na sikujua kama anacheka au anakuja kunikaba.

"Ulimpikia nini?" akauliza.

"Jogoo."

"Na firigisi ukampa?"

"Nilimpa."

Akageuza kichwa akaangalia dari. "Basi mimi nilimpa maji ya kunywa tu," akasema. "Kumbe ningempa nini ili na mimi aniangamize vizuri?"

Siku hiyo hakunisemesha tena. Kesho yake alinisemesha kwa amri. Alimwita Daktari Mwanaidi, akamwambia, "Daktari, mshitakiwa amekiri. Mwite huyo kijana aje, tuko wawili, tuko mahali pamoja, na hapa jiko hakuna."

Daktari akaiandikia ofisi ya bima. Elisante akaja, na Shija nyuma yake na mfuko wa machungwa. Aliponiona na mpira puani alisimama katikati ya wodi.

"Shikamoo bibi. Hujambo?"

Nakuapia, ulimi wangu ulikuwa umeshaondoka. "Sija..." Regina akagonga chuma cha kitanda kwa kijiko.

"Marahaba," nikasema. "Mimi ni mgonjwa, mwanangu. Siku ile nilikudanganya kwa jogoo."

Nikamweleza yote, vidonge, mchele, na ua wa matete. Akaniambia ninyanyue mikono. Ilianguka kabla hajaitazama saa. Akaenda kwa Regina, akamwambia anyanyue. Regina akamjibu, "Ninadeka." Kijana akainama akaangalia viatu vyake. Shija akasema kwa sauti yake nene, "Bosi, ule mchele tulikula wiki nzima tukimsifia afya yake."

Kibali cha Regina kilitoka. Hilo namshukuru Mungu kwa dhati, si kwa mazoea.

Changu hakijatoka. Kumbukumbu za ofisi zinasema nilishapona. Daktari ameandika kwamba ugonjwa huu hauponi, unatulizwa tu. Kwa hiyo ofisi imesema kama nilipona, sikuwa nao. Na kama sikuwa nao, nianze upya vipimo vyote tangu cha kwanza, ndipo nitakuwa mgonjwa tena. Elisante mwenyewe ameandika barua ya kupinga taarifa yake mwenyewe. Wamemjibu kwamba aliyekwenda kuhakiki alikuwa mtu makini sana.

Nasubiri. Mwanangu ananunua kidogo kidogo, naandika haya asubuhi kabla mistari haijawa miwili miwili. Regina ananipigia simu. Hajaniambia amenisamehe, na mimi sijamwomba, maana harusi ya Yustina haitafungwa mara ya pili ili mama yake akae mahali pake. Ananiuliza tu nimekula nini, na nani amepika.

Basi wewe unayesoma, sikiliza. Kama una ugonjwa ambao ofisini hawajawahi kuuona, jua kwamba huumwi peke yako hata kama hujawaona wenzako. Yuko mmoja Mlimba, yuko mmoja Mahenge, hamjuani, na siku watu wa bima watakapokuja kukuangalia wewe watakuwa wanawaangalia na hao. Usijitutumue. Usimezee mtu dawa ili akusifu. Mgeni wa namna hiyo mpe kiti, usimpe hata chai, ukae naye hapo hapo mpaka nguvu zikuishie mbele ya macho yake.